Mashine ya "kwanta" imefika Mboghoni, na mimi sinyamazi

Najua nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa. Niliahidi sehemu ya pili ya makala kuhusu hifadhidata, na itakuja, msiwe na wasiwasi. Lakini leo hifadhidata isubiri. Nimetoka nyumbani Mboghoni na nimerudi na hasira, na nisipoiandika hapa sitafanya kazi nyingine yoyote wiki hii.

Kisa ni hiki. Shangazi yangu anaishi Mboghoni, huko Taveta, kwenye mashamba ya migomba. Ana kisukari, huu ni mwaka wa tisa, na alikuwa anameza vidonge vyake kila siku bila kukosa. Miezi miwili iliyopita akapita kijana mmoja na kompyuta ya kupakata, kisanduku kidogo chenye waya, na kijiti cha chuma. Watu wakakusanyika chini ya mwembe. Unashika kijiti mkononi kwa dakika moja tu, na kompyuta inatoa ripoti ya mwili mzima: ini, figo, moyo, mifupa, macho, hata "sumu" zilizojificha. Kupimwa ni shilingi 500. Na mashine yenyewe inaitwaje? Mashine ya kwanta.

Shangazi aliambiwa kwamba kongosho lake ni zima kabisa, na kinachomsumbua ni sumu ya dawa za hospitali. Akauziwa pakiti za unga wa majani kwa shilingi 6,500. Akaacha vidonge. Wiki ya tatu majirani wakambeba hadi hospitalini hajitambui, sukari 27. Alilazwa siku sita. Yu hai, tunamshukuru Mungu, lakini ana kidonda mguuni ambacho hadi leo hakijafunga.

Nilipofika kumwona nilimkuta amekaa barazani, mguu ameuweka juu ya kigoda.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapa. Wewe si ndiye msomi wa kompyuta? Yule kijana alisema hii ni sayansi ya Wajerumani, na yule Einstein yumo. Sasa niambie, hiyo kwanta ni kitu gani?"

Jamani, nilibabaika. Mimi nilisoma fizikia hadi kidato cha nne. Athari ya fotoelektriki imo katika mtaala wa 8-4-4, na siku ya mtihani niliandika fomula yake bila kukosea hata herufi. Lakini mbele ya shangazi yangu, kwa lugha tunayozungumza naye kila siku, sikuwa na la kusema. Kijana wa kijiti alikuwa na maneno, mimi sikuwa nayo. Hapo ndipo hasira yangu ilipogeuka ikaanza kunitazama mimi mwenyewe.

Basi haya ndiyo ningemjibu siku ile. Nayaandika hapa ili wewe usibabaike kama mimi.

ILIANZIA KWENYE TAA

Watu wa Taveta tunawajua Wajerumani kwa vita. Waliuteka mji wetu Agosti 1914, na Februari 1916 Waingereza na wenzao walipigwa nao pale kilima cha Salaita kabla ya kuwasukuma. Lakini Wajerumani wa kisa hiki hawakushika bunduki. Walishika kipimajoto.

Mwaka 1887 serikali ya Ujerumani ilifungua taasisi ya vipimo huko Charlottenburg, jirani na Berlin. Moja ya kazi zake ilihusu taa. Wakati huo taa za gesi na taa za umeme zilikuwa zinashindana, na viwanda vilitaka kujua ipi inatoa mwanga mwingi zaidi kwa gharama ile ile. Huwezi kujibu hilo bila kipimo kinachoaminika cha mwanga. Kwa hiyo wanafizikia waliofanya kazi katika taasisi hiyo, akina Otto Lummer, Ernst Pringsheim, Heinrich Rubens na Ferdinand Kurlbaum, wakaanza kuchunguza jambo ambalo kila mhunzi analijua: ukipasha chuma moto kinakuwa chekundu, ukizidisha kinaelekea njano, ukizidisha tena kinakuwa cheupe. Walitengeneza tanuri lenye tundu dogo, wakapima mwanga unaotoka tunduni, rangi kwa rangi, joto kwa joto.

Kulikuwa na fomula ya Wilhelm Wien ya mwaka 1896 iliyodai kueleza yote hayo. Ilikubaliana na vipimo vizuri sana, hadi walipofika kwenye mawimbi marefu, yale yaliyo mbali kupita rangi nyekundu, ambayo jicho halioni. Huko ikaanza kukosea. Kila walipopima tena kosa lilikuwa pale pale.

Jumapili tarehe 7 Oktoba 1900 Rubens alimtembelea nyumbani Max Planck, profesa wa Berlin, akamweleza vipimo vipya vinasema nini. Jioni ile ile Planck akapata fomula nyingine. Tarehe 19 Oktoba akaisoma mbele ya wanafizikia wenzake. Kesho yake asubuhi Rubens akarudi na habari: alikuwa ameilinganisha na vipimo vyake usiku ule, na inakubaliana navyo kila mahali.

Nakuomba usome aya hiyo mara ya pili. Mtu analeta fomula, na mwenzake hapigi makofi. Anakwenda kuipima usiku huo huo. Kwanta ilizaliwa namna hiyo. Wengi tumefundishwa kwamba Planck alikuwa anaokoa fizikia isije ikaangamia kwa hesabu za urujuanimno, lakini jina hilo la maangamizi alilitoa Paul Ehrenfest mwaka 1911, miaka kumi na zaidi baadaye. Kilichomsumbua Planck ni vipimo vya watu wa taa.

SARAFU ZA NISHATI

Fomula ilikuwa sahihi, ila Planck mwenyewe hakujua kwa nini. Alihangaika wiki kadhaa. Tarehe 14 Desemba 1900 akaleta maelezo, na maelezo hayo hayakumfurahisha. Baadaye alikiri kwamba ilikuwa hatua ya mtu aliyekata tamaa. Alisema hesabu inakubali tu ikiwa nishati inatolewa kwa vipande vizima, na kipande kinategemea masafa ya mwanga. Neno lenyewe, kwanta, linatoka Kilatini na maana yake ni "kiasi gani". Basi. Hakuna uchawi ndani yake.

Shangazi, fikiri hivi. Kila rangi ni duka, na kila duka linapokea sarafu ya aina moja tu, bila chenji wala mkopo. Duka la nyekundu linapokea sarafu ndogo. La bluu linapokea sarafu kubwa zaidi. La urujuanimno linataka noti ya elfu. Joto ndilo pesa ya mfukoni. Chuma chenye moto wa wastani kina vijisenti, kinaweza kununua nyekundu tu. Kizidishie moto, kinaanza kununua njano na bluu, na rangi zote zikichanganyika unaona weupe. Noti ya elfu karibu haipati kabisa, na ndiyo maana ukikaa kando ya jiko la makaa huungui kwa urujuanimno.

Ukubwa wa sarafu hupatikana kwa kuzidisha masafa ya mwanga kwa namba moja, namba ya Planck. Ni ndogo mno: andika sifuri, nukta, kisha sifuri 33, ndipo uandike 6626. Usidhani ni namba ya vitabuni tu. Tangu tarehe 20 Mei 2019, kilo yenyewe inafafanuliwa kwa namba hiyo. Kabla ya hapo, tangu 1889, kilo ya dunia ilikuwa kipande cha chuma kilichofungiwa karibu na Paris. Kwa hiyo ndizi za Mboghoni zinapopimwa kwa kilo katika soko la Taveta, mwisho wa mnyororo wa mizani zote yupo Planck. Hiyo ndiyo kwanta iliyopo Mboghoni kweli, na haimdanganyi mtu.

SOLA ILIYO JUU YA BATI

Sasa Einstein, yule aliyetajwa chini ya mwembe. Mwaka 1902 Philipp Lenard alikuwa ameona jambo la ajabu. Ukimulika chuma kwa mwanga fulani, elektroni zinaruka kutoka humo. Ukiongeza wingi wa mwanga, zinaruka elektroni nyingi zaidi, lakini hakuna inayoruka kwa nguvu zaidi. Nguvu ya kila elektroni ilitegemea rangi.

Mwaka 1905 Einstein, karani wa ofisi ya hataza mjini Bern, akasema: basi mwanga wenyewe unasafiri kwa vipande, vile ambavyo leo tunaviita fotoni. Ni kama kuangua embe. Ukilimwagia mchanga ndoo kwa ndoo, embe halianguki. Jiwe moja lenye uzito wa kutosha linaliangusha.

Je, watu walimwamini? Hapana! Mmarekani Robert Millikan alitumia karibu miaka kumi akijaribu kuthibitisha kwamba Einstein amekosea. Mwaka 1916 alitangaza matokeo: fomula ya Einstein iko sahihi. Hata hivyo, yeye mwenyewe bado hakuipenda ile picha ya vipande vya mwanga. Alichapisha vipimo vilivyompinga yeye mwenyewe. Ni muuza mashine gani amewahi kufanya hivyo?

Shangazi ana paneli ya sola juu ya bati lake. Ndiyo inayochaji simu na kuwasha taa. Hiyo ni ndugu wa jambo lile lile: fotoni moja ikiwa na nguvu ya kutosha inaiachia elektroni moja ndani ya silikoni, na elektroni zikitembea unapata umeme. Fotoni dhaifu za joto hazifanyi kitu. Hata ukiizungushia paneli sufuria mia za uji unaochemka, simu haitachaji. Kwa kweli paneli ikipata joto sana inatoa umeme pungufu, na mtu yeyote wa Taveta mwenye kifaa cha kupimia volti anaweza kuona hivyo mchana wa Februari.

HAIKUWA YA WAZUNGU PEKE YAO

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Mwaka 1913 Niels Bohr wa Denmark alieleza kwa nini kila elementi ina rangi zake: elektroni zinakaa kwenye ngazi, na zikishuka ngazi zinatoa mwanga wa rangi maalumu. Tupa chumvi kidogo kwenye moto wa gesi, utaona njano ya sodiamu. Mwaka 1925 Werner Heisenberg aliandika hesabu mpya kamili, mwaka 1926 Erwin Schrödinger akaandika yake kwa njia nyingine, na mwaka huo huo Max Born akaonyesha kwamba hesabu hizo zinatoa uwezekano wa jambo kutokea. Wauza mashine wanalipenda sana neno hilo "uwezekano", eti kila kitu kinawezekana. Sivyo. Kwanta inakupa uwezekano kwa namba, na namba hiyo inapimwa mara maelfu, na ikikosea nadharia inatupwa.

Lakini kuna mtu mmoja sitampita haraka. Mwaka 1924 mhadhiri mwenye umri wa miaka 30, Satyendra Nath Bose, alikuwa anafundisha Dhaka. Dhaka wakati ule ilikuwa chini ya Mwingereza, kama Kenya. Hakuwa na jina wala maabara kubwa. Alikuwa anawafundisha wanafunzi wake fomula ya Planck na akaona kwamba namna ya kuifikia ina kasoro, imechanganya fizikia ya zamani na mpya. Akatafuta njia safi, akaandika kurasa chache kwa Kiingereza, akamtumia Einstein kwa posta. Einstein hakumjua. Alisoma, akaona ni kweli, akaitafsiri kwa Kijerumani kwa mkono wake mwenyewe na kuipeleka ichapishwe. Leo moja ya jamii mbili kuu za chembe ulimwenguni, fotoni ikiwemo, inaitwa bosoni kwa jina lake.

Na mtu huyo alifanya nini baadaye? Mwaka 1948 alianzisha chama cha kueneza sayansi kwa Kibengali, chenye jarida lake. Alishikilia kwamba sayansi inafundishika kwa lugha ya mama. Sisi tuna Kiswahili, tuna kamusi ya fizikia, kemia na biolojia iliyotolewa na TUKI, Dar es Salaam, tangu 1990, na bado kuna wataalamu wanaosema mambo haya "hayasemeki" kwa Kiswahili. Mbona muuza kijiti ameyasema? Ameyasema kwa Kiswahili kitamu kabisa, na yote ni uongo! Tulipoliacha neno bila mwenyewe, yeye ndiye aliyeliokota.

NILIIJARIBU MASHINE

Kazi yangu ni kuandika programu, na programu hatubishani nayo, tunaijaribu. Rafiki alinipatia mashine ya aina ile ile kwa siku mbili. Sikuhitaji hata kufungua msimbo. Unaingiza kitu, unatazama kinachotoka, unaandika.

Kwanza nilishika kijiti mara tatu ndani ya robo saa, bila kula wala kunywa kitu. Ripoti tatu tofauti. Ini lililokuwa zima saa nne lilikuwa "limechoka" saa nne na dakika kumi, na likapona tena kabla ya chai.

Pili, nilijaza fomu kwamba mimi ni mwanamke wa miaka 58. Nikapewa hali ya mfuko wangu wa uzazi.

Tatu, nilifunga kijiti kwa kitambaa chenye maji na kukiacha mezani. Kitambaa kikapata ripoti kamili, kurasa kadhaa, na ushauri kwamba kipunguze mafuta.

Ilichojali mashine ni umri, jinsia na uzito unaoandika mwanzoni. Mengine yanarukaruka kama bahati nasibu. Mkumbuke Rubens, aliyeilinganisha fomula na vipimo vyake usiku ule ule ili aone kama zinakubaliana. Hii hairudii hata namba yake yenyewe.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba hospitali zina mashine za kwanta za kweli. Eksirei ni fotoni. Kifaa cha maabara kinachopitisha mwanga kwenye damu iliyotiwa dawa, kuona ni rangi gani imefyonzwa na kiasi gani, kinatumia ngazi za elektroni. MRI inatumia mwitikio wa viini vya haidrojeni ndani ya sumaku. Sumaku ya tesla 1.5 ina nguvu takriban mara 30,000 kuliko ya dunia, na uzito wake ni tani. Hapo ndipo wauza vijiti walipoiba neno "mwitikio wa sumaku", wakalibandika kwenye kisanduku kinachotumia umeme wa waya wa kompyuta.

MTANIAMBIA...

Najua mtaniambia: "Lakini mimi iliniambia nina shida ya mgongo, na ni kweli." Ripoti ina vipengele zaidi ya mia. Mwambie mkulima yeyote wa miaka 60 kwamba mgongo, magoti na macho yana shida, utapatia bila waya wowote.

Mtaniambia pia: "Hospitali ni mbali, foleni ni ndefu, dawa hazipo." Hilo ni kweli, na silibishi. Watu wa Mboghoni hawakwenda chini ya mwembe kwa ujinga. Walikwenda kwa sababu mtu aliwafuata nyumbani, akawasikiliza, akawapa majibu dakika ile ile. Lakini majibu ya uongo hayapunguzi foleni. Shangazi alirudi kwenye foleni ile ile, safari hii akiwa amebebwa.

Na wengine watasema: "Kwanta ni fumbo, huwezi kuipima." Hao ndio nawaandikia hasa. Nadharia hii ilianza kwa sababu vipimo vilikataa fomula nzuri. Ikathibitishwa na mtu aliyetaka kuikanusha. Mwaka 2025 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa kimataifa wa sayansi ya kwanta, na nchi iliyopeleka pendekezo hilo ni Ghana, Waafrika wenzetu. Ni yetu pia. Hatuwezi kukaa kimya wakati jina lake linawaua shangazi zetu.

Basi akija mwenye mashine kijijini kwenu, usimtukane. Muulize mbele ya watu: Nipime mara mbili, je, majibu yatakuwa yale yale? Pima kitambaa hiki chenye maji, kina ugonjwa gani? Nikipima sukari kwa tone la damu sasa hivi, mashine yako itasema namba ile ile? Akikataa, watu wenyewe wataona.

Jumapili iliyopita nilimpigia shangazi nikamsomea sehemu ya sarafu na maduka. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kumbe ni kitu cha kueleweka. Sasa mbona mlikuwa mmekificha?" Sikuwa na jibu. Vidonge amerudia, na muuguzi anamfunga mguu kila siku ya pili.

Makala ya hifadhidata wiki ijayo, Mungu akipenda. Hii mpelekee mtu mwenye mzazi kijijini.